Zoezi la kuhamia kwenye wingu limetushinda: kosa ni la fayawoli, la njia, au la programu yenyewe?

#1 Mwenye_Seva
Wanajamvi, habari za kazi. Naomba msaada katika jambo lililonikosesha usingizi tangu Jumamosi.

Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha. Iko Kurasini, ina kompyuta 45, na tuna tawi dogo Kariakoo lenye kompyuta 6. Tangu mwaka jana seva zetu tatu (ya programu ya ankara, ya kanzidata na ya mafaili) zinanakiliwa kila usiku kwenda kwenye wingu (seva za kukodi zinazofikiwa kwa mtandao), Johannesburg, ili siku jengo likiungua au likijaa maji tuziwashe huko na kazi iendelee. Kati ya Kurasini na wingu kuna fayawoli moja (kifaa cha kuchuja kinachoingia na kutoka mtandaoni) yenye laini mbili za faiba kutoka kampuni mbili, na kila laini ina handaki lake la IPsec, yaani njia ya siri iliyosimbwa ndani ya intaneti. Kariakoo wana rauta ndogo yenye handaki moja.

Jumamosi tulifanya zoezi la kwanza. Saa tatu asubuhi nilizima seva za ofisini nikawasha nakala zake kule. Ziliamka ndani ya dakika 14, nikapiga pingi (ujumbe mdogo wa kujaribu kama seva inajibu), zikajibu kwa milisekunde 62, bosi akapiga makofi. Kisha mhasibu akafungua programu ya ankara. Ukurasa wa kuingia ulitokea, akaandika nywila, halafu kile kiduara kikaanza kuzunguka, kikazunguka mpaka mama wa watu akaenda kunywa chai, akarudi, akakikuta bado kinazunguka. Kariakoo nako hali ilikuwa hiyo hiyo. Saa saba mchana nikasalimu amri, nikawasha seva za ofisini.

Kinachonichanganya ni kwamba nakala rudufu za usiku hazijawahi kukwama hata mara moja. Njia inayopitisha gigabaiti 30 kila usiku inashindwaje kupitisha ankara moja?

#2 Mzee wa Swichi
Pole, kijana wangu. Huo ugonjwa ninaufahamu na jina lake ni MTU, yaani ukubwa wa juu kabisa wa pakiti inayoweza kupita. Pakiti (kifurushi cha data) ya kawaida ya mtandao wa ofisi ina ukubwa wa baiti 1,500. IPsec ikiifunga ndani ya handaki huiongezea vichwa vyake vya baiti 50 hadi 80 hivi, kutegemea usimbaji mliochagua, kwa hiyo pakiti iliyojaa haipiti tena mlangoni. Kawaida rauta humrudishia mtumaji ujumbe wa ICMP kumwambia apunguze mzigo, lakini mafundi wengi wa fayawoli huzuia ICMP yote wakidhani wanazuia wezi, na ujumbe huo haufiki. Mtumaji anaendelea kutuma pakiti kubwa, zinapotelea njiani, na yeye haambiwi kitu.

Ndiyo maana pingi yako ilijibu, kwa sababu ni ndogo. Ukurasa wa kuingia ulitokea, kwa sababu ni mwepesi. Orodha ya ankara ni nzito, ikakwama. Na nakala zako za usiku, nina hakika, hazipiti kwenye handaki kabisa. Zinakwenda kwa HTTPS kupitia intaneti ya kawaida. Piga pingi ya baiti 1472 ukikataza isigawanywe, kisha ulete majibu.

#3 Kijana wa Mikocheni
Naona tunazunguka mbuyu. Laini zenu zina kasi gani? Kama ni megabiti 20, ongezeni ziwe 100 na tatizo litakwisha.

#4 Binti_Upanga
Mdogo wangu, kasi ingekuwa ndiyo kosa, ukurasa ungefunguka polepole, usingesimama kabisa. Hata hivyo hoja yako ina mahali pake, nalo ni siku ya kurudi. Mkifanya kazi kwenye wingu wiki mbili kisha mkataka kurudisha terabaiti moja Kurasini kwa laini ya megabiti 20, ni sekunde 400,000, yaani zaidi ya siku nne na nusu, tena kama hakuna mwingine anayeitumia. Watu hupanga safari ya kwenda wakasahau nauli ya kurudi.

#5 FundiFaiba
Mimi ni mvutaji wa nyaya na si mtaalamu wa seva, lakini neno moja kuhusu hizo "laini mbili kutoka kampuni mbili". Nimezifuata kwa mguu laini za namna hiyo kuanzia jengo hadi barabarani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Zinaingia jengoni kwa bomba moja, zinapanda nguzo moja, na zikifika barabara kuu zinalala mtaro mmoja. Mwaka juzi nilikuwa kwenye kazi karibu na Barabara ya Kilwa, katapila likachota udongo mara moja, likainuka na nyaya za rangi tatu zikining'inia menoni kama tambi. Mteja aliyekuwa analipia kampuni mbili alikuwa amesimama pembeni ameshika kiuno. Mwenye_Seva, toka nje uangalie laini zako zinapita wapi, usitegemee mkataba.

Na hata zikiachana mitaani, bado kuna baharini. Mnakumbuka Mei 2024, mkongo ulipokatika hapa Dar, nchi nzima ikakaa bila intaneti ya maana?

#6 Nahodha_Kigamboni
FundiFaiba, hapo kwenye Mei 2024 naomba kusahihisha. Haukukatika hapa Dar. Ilikuwa Jumapili, tarehe 12, na zilikatika nyaya mbili kwa pamoja, EASSy na Seacom, katika pwani ya kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Sisi tuliumia kwa sababu zote mbili zinatia nanga hapa na sehemu kubwa ya mzigo wetu ilikuwa juu yake. Tena njia ya kaskazini nayo haikuwa nzima, kwani Februari mwaka huo huo nyaya kadhaa zilikuwa zimeharibika Bahari ya Shamu, Seacom ikiwemo.

Sasa pima jambo hili kwa mwenye wingu Johannesburg. Siku ile ofisi zilikuwa salama, seva za kule zilikuwa salama, kilichokatika ni kamba katikati. Laini mbili za kampuni mbili, mitaro miwili tofauti, zote zingeshuka kwenye nyaya zile zile mbili. Swali la kuiuliza kampuni ya pili ni kama ina njia ya nchi kavu, yaani Mkongo wa Taifa hadi Kenya na kutokea Mombasa, ambako TEAMS, waya mwingine wa baharini, inakwenda Fujairah kule Falme za Kiarabu bila kugusa kusini. Swali la kasi linaweza kusubiri.

#7 Kijana wa Mikocheni
Mkuu Nahodha, kwa hiyo wingu tulihamishie Ulaya?

#8 Nahodha_Kigamboni
Sikusema hivyo. Kwa vituo vikubwa, kusini kwetu wapo Microsoft Johannesburg tangu 2019, Amazon Cape Town tangu 2020, na Google Johannesburg tangu 2024, na ukaribu huo una faida yake. Kilichopo ni kwamba ukichagua mahali pa wingu umechagua pia nyaya za baharini, upende usipende. Na kwa kuwa ankara za forodha zina majina na namba za watu, isomeni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, sehemu inayohusu kupeleka taarifa nje ya nchi, kabla ya kuhama hama.

#9 Mwenye_Seva
Ahsanteni. Jana Jumanne jioni niliwasha tena nakala kule ili nifanye majaribio, nikitumia kompyuta moja Kurasini na moja Kariakoo.

Mzee wa Swichi, shikamoo. Pingi ya 1472 haikupita, kwa ofisi zote mbili. Nikashusha taratibu hadi 1372, ikapita. Nikaweka MSS (kikomo cha data ndani ya kila pakiti) 1360 kwenye fayawoli na kwenye rauta ya Kariakoo. Kariakoo programu ikafunguka, ingawa orodha ya ankara ilichukua dakika tatu na sekunde kama kumi, ambapo ofisini kwa kawaida huchukua sekunde mbili. Nikaandika ankara ya majaribio ya shilingi 100, ikahifadhika. Kurasini, kwa mpangilio ule ule wa MSS, kiduara kinazunguka kama Jumamosi.

Na kweli, nakala za usiku hazipiti kwenye handaki. Nilikuwa sijui.

#10 Mzee wa Swichi
Marahaba. Basi dawa imefanya kazi Kariakoo. Kurasini angalia tena. Labda MSS umeiweka kwenye handaki moja ukasahau la pili.

#11 Binti_Upanga
Mzee wangu, kwa heshima zote, wewe sasa unakuwa kama mganga ambaye kila anayebisha hodi ana jini lile lile.

Tazama tofauti ya ofisi hizi mbili. Kariakoo ina handaki moja, Kurasini ina mawili. Wingu likiyaona mahandaki mawili yaliyo hai kwenda mtandao mmoja, linaweza kugawa mzigo juu ya yote mawili. Pakiti inatoka Kurasini kwa laini ya kwanza, jibu linarudi kwa laini ya pili. Fayawoli inayokumbuka mazungumzo inaona jibu linaingia kwa mlango ambao swali halikutokea, inalihesabu kuwa ni mvamizi, inalitupa. Kama mnatumia BGP (utaratibu wa mitandao kutangaziana njia), ifanyeni laini ya pili ionekane ndefu kwa kurudia namba yenu ya AS, yaani ya kuutambulisha mtandao wenu, mara mbili tatu, wingu litaiacha kama akiba. Kama mnatumia njia zilizoandikwa kwa mkono, zima handaki la pili kwa dakika tano ujaribu.

#12 Mzee wa Swichi
Jini lipo, binti yangu, na amelipima mwenyewe kwa 1472. Hoja yako nzuri ina tundu moja. Jibu lingekuwa linarudi kwa mlango mwingine na kutupwa, hata pingi ya Kurasini isingejibu, na ukurasa wa kuingia usingetokea.

#13 Binti_Upanga
Si lazima. Vifaa vinavyogawa mzigo havigawi pakiti moja moja. Hukokotoa kutoka kwenye anwani na namba za milango, kila mazungumzo yakapangiwa njia yake. Pingi inaweza kuangukia handaki sahihi kila mara, muunganiko mmoja wa ukurasa ukaangukia sahihi, na unaofuata ukaangukia vibaya. Ndiyo maana kosa hili huonekana kama uchawi: leo linapita, kesho halipiti. Logi ya fayawoli, yaani kumbukumbu ya kila ilichofanya, ndiyo itakayoamua. Tafuta pakiti zilizotupwa kwa kukosa mazungumzo.

#14 Mama wa Bekapu
Naomba niwape kisa changu, maana wote mnazungumzia handaki kana kwamba sanduku lenyewe la fayawoli linawaka daima. Nilikuwa nasimamia ofisi moja Sinza ambayo kila mwisho wa mwezi, usiku, ilipoteza handaki lake na wingu. Tulibadilisha fayawoli, tukabadilisha laini, tukaandikiana barua na kampuni ya intaneti mpaka tukachokana. Siku moja nilibaki mpaka usiku nikiwa nimekaa chini mbele ya kabati la vifaa. Saa nne na dakika chache taa zikazimika, UPS (betri ya akiba) ikapiga kelele mara tatu ikakata roho. Nikatoka nje: majirani wote wana umeme. Uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, zilikuwa zimeisha. Aliyekuwa ananunua hutuma pesa akipata mshahara, na mlinzi wa usiku alizoea kuingiza tokeni alfajiri ili wafanyakazi wasijue kuwa umeme ulikatika.

Swali langu kwa Mwenye_Seva: mpangilio wa fayawoli yako, pamoja na nywila yake, umehifadhiwa wapi?

#15 Mwenye_Seva
Dada, swali lako limenichoma. Umehifadhiwa kwenye seva ya mafaili. Jumamosi nilipotaka kuingia kwenye fayawoli kuangalia njia, nywila ilikuwa ndani ya seva niliyoizima mwenyewe asubuhi. Nakala ya karatasi iko kwenye droo ya mhasibu, na ufunguo wa droo ulikuwa Kibaha, harusini.

#16 Kijana wa Mikocheni
Uzi umeninogea. Kwa nini tusiachane na mahandaki? Wafanyakazi wafungue kompyuta za mbali zilizo ndani ya wingu, picha tu ndiyo isafiri. Au mweke kisanduku kimoja cha akiba Kariakoo chenye nakala za seva zote, wingu libaki la mwisho kabisa.

#17 Mama wa Bekapu
Kisanduku cha Kariakoo kitasaidia Kurasini ikiungua. Umeme ukikatika mji mzima, au kirusi cha kufunga mafaili kikipita kwenye handaki lenu wenyewe hadi Kariakoo, hakitasaidia. Kompyuta za mbali ni wazo la kufikirika, ila bado unahitaji intaneti ile ile ya Nahodha.

#18 Mwandika Programu
Mimi huandika programu za aina hii, na kuna namba moja hapo juu ambayo wote mmeiruka. Kariakoo orodha ilichukua dakika tatu na sekunde kumi. Programu za ankara za kizamani hazileti orodha kwa swali moja. Huuliza kanzidata mstari kwa mstari, mteja huyu ni nani, kodi yake ngapi, amelipa au hajalipa. Orodha moja inaweza kubeba maswali 3,000. Ofisini, ambapo kanzidata iko swichi moja na programu na kila swali hujibiwa kwa nusu milisekunde, hiyo ni sekunde moja na nusu. Kila swali likitembea milisekunde 62, ni sekunde 186.

Sekunde 186 ni dakika tatu na sekunde sita. Sidhani kama ni bahati.

Lakini hapo ndipo ninapokwama mwenyewe. Kama programu na kanzidata vyote viwili vilikuwa vimewashwa Johannesburg, maswali hayo yalipaswa kuulizwa kule kule, ndani ya jengo moja. Kinachosafiri kuja Kariakoo ni ukurasa uliokwisha kutengenezwa. Nani alikuwa anauliza maswali 3,000 kwa kuvuka bahari?

#19 Mzee wa Swichi
Labda bado pakiti zinapotea na kutumwa upya. Kutuma upya nako hula muda.

#20 Mwandika Programu
Kutuma upya hakutoi namba iliyonyooka hivi, mzee. Kungekuwa dakika mbili mara hii, tano mara ijayo.

#21 Msomaji Tu
Huwa nasoma bila kuchangia, leo nina maswali mawili. La kwanza: katika faili la mipangilio la programu ya ankara, kanzidata imeandikwa kwa jina au kwa namba ya IP ya Kurasini? La pili: Jumanne jioni ulipojaribu, seva za ofisini zilikuwa zimezimwa?

#22 Mwenye_Seva
Imeandikwa kwa namba. 192.168.1.10. Aliyetufungia programu aliiweka hivyo na hakuna aliyeigusa tangu hapo.

Seva za ofisini zilikuwa zinawaka. Ilikuwa siku ya kazi, nisingeweza kuzizima.

#23 Msomaji Tu
Basi programu iliyoamka Johannesburg ilibeba faili lile lile lenye namba ile ile. Jumanne ilirudi kwenye handaki ikaja kuuliza kanzidata ya Kurasini. Jumamosi ilikuja hivyo hivyo, ikakuta umeizima, ikasubiri. Ukurasa wa kuingia hauhitaji kanzidata mpaka uandike nywila.

#24 Mwandika Programu
Hiyo inaeleza milisekunde 62 zangu. Mwenye_Seva, kabla ya yote, itafute ile ankara ya shilingi 100.

#25 Mwenye_Seva
Nimefungua orodha ya ofisini sasa hivi. Iko humo, kati ya ankara halisi za juzi, na imepewa namba. Mhasibu ameshaipeleka kwenye hesabu za mwezi.

#26 Mzee wa Swichi
Pole. Hata hivyo hilo halifuti 1472. Namba ya kanzidata isingeweza kuzuia pingi, na Kariakoo haikufunguka mpaka MSS ilipobadilishwa. Zaidi ya hapo, kama Kariakoo ilisoma kanzidata ya Kurasini kupitia mahandaki ya Kurasini, basi mahandaki hayo ni mazima, na hadithi ya majibu kurudi kwa mlango mwingine imekufa.

#27 Binti_Upanga
Haijafa. Mazungumzo yale yalianzishwa na Johannesburg, yakapangiwa handaki lao. Yanayoanzishwa na kompyuta za Kurasini ni mengine. Tena Jumanne kanzidata ilikuwa inawaka na Kurasini haikufunguka, kwa hiyo nadharia ya Msomaji Tu inaeleza Jumamosi lakini haielezi Jumanne. Logi, tafadhali.

#28 Mwenye_Seva
Logi ya Jumanne ina pakiti 41 zilizotupwa kutoka anwani ya wingu kwenye laini ya pili. Mzee, usiseme kitu. Logi ya Jumamosi haipo. Fayawoli hutunza ya siku tatu tu, nyingine huzituma kwenye seva ya mafaili, ambayo nilikuwa nimeizima.

Nimeomba Jumamosi ijayo tuzime kila kitu upya. Bosi ameuliza kama safari hii atahitaji kupiga makofi mwanzoni au mwishoni. Ufunguo wa droo ninao mfukoni.

#29 FundiFaiba
Nitakuwa Kurasini Jumamosi kwa kazi nyingine. Nikipita nikuoneshe nguzo yako?